Mdomo wa Kuazima

Kama una runinga nyumbani kwako katika mitaa ya Bwiza au Buyenzi, na picha yake imetulia, huenda kebo uliyoifungia ilichaguliwa na Saliha. Wewe hujui hivyo. Ukiulizwa utasema uliipata kwa fundi Atumani, yule mzee wa avenyu ya sita mwenye miwani na kofia ya kushona, tena utaongeza kwamba mzee yule ni fundi hasa, hasemi ovyo, akiulizwa hutulia kwanza akawaza. Mzee alikuwa hawazi kitu. Alikuwa anangoja kuambiwa.

Atumani ni mshona viatu. Kiti chake, kisanduku chake cha sindano na gundi, na mafungu yake ya nyuzi viko ubavuni mwa meza ya Saliha, chini ya kibaraza kimoja. Kuhusu kebo anajua kwamba zina ncha mbili, basi. Lakini ana ndevu nyeupe na ni mwanamume, na katika biashara ile vitu hivyo viwili vilitosha.

Meza yenyewe ilianzia kwenye msiba. Mume wa Saliha, marehemu Yahaya, alikuwa na duka la vyombo vya umeme, duka la kweli lenye vioo na mlango unaolia kengele ukifunguliwa. Saliha alikuwa akimpelekea chakula cha mchana na kukaa naye mpaka alasiri, na kwa kuwa Yahaya alipenda kuongea akifanya kazi, mkewe alijifunza bila kukusudia. Yahaya alipofariki, eda haijaisha, nduguye Moubarak, shemeji wa Saliha, alikuja na jamaa wawili wazee wakasema duka ni mali ya ukoo na mwanamke hawezi kushinda dukani na wanaume. Wiki iliyofuata ikaletwa boksi moja. Ndani mlikuwa na kebo kuukuu zimesokotana kama matumbo ya mbuzi. Moubarak alisema ni takataka, labda mtoto azichezee.

Mtoto, Amira, alikuwa na miaka kumi na moja. Waliketi wawili sebuleni wakafumua takataka ile siku tatu. Saliha akazijaribu moja moja kwenye runinga ya zamani na deki ya marehemu. Zile pana zenye meno ishirini na moja, periteli, za runinga kuukuu zinazoshushwa kutoka Ubelgiji. Zile za rangi tatu, njano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti. Kisha zile bapa za kisasa, hadiemai, zinazobeba picha na sauti pamoja. Nyingine alizipasua kwa wembe aone matumbo yake, akakuta shaba nyembamba kama unywele, au chuma kilichopakwa rangi kikajiita shaba. Aina hizo hakuziuza tangu siku hiyo hadi leo, hata mteja amlilie.

Basi akaweka meza. Na wateja wakaja, wakamtazama, wakauliza fundi yuko wapi.

Chukua kwa mfano Byamungu, mtu wa Uvira anayekaa Kanyosha, ambaye mwaka juzi alinunua runinga bapa ya mtumba. Alikuja ameshika karatasi.

"Mama, fundi iko wapi?"

"Fundi ni miye."

Byamungu akatazama nyuma yake, akatazama ndani ya kibaraza, akarudi kumtazama kama mtu aliyetaniwa wakati hana hamu ya utani. "Bon, nitamungoya."

 Saliha akageukia kebo zake, akaanza kuzikunja, na Atumani, huku sindano ikiwa bado kwenye soli, akanyanyua kichwa. "Unatafuta nini, ndugu yangu?"

"Ah, fundi! Deki yangu ni ya rangi tatu, tele ni ya hadiemai. Bananiambia kuko kable ya kuunganisha, uku tatu, uku moja."

Atumani akatulia. Akavua miwani, akaifuta. Nyuma yake Saliha alisema chini kwa chini, kama anayehesabu kebo: "Kable hiyo iko lakini ni bongo, uongo mtupu, haipitishi kitu. Deki inasema lugha ingine. Anunue kisanduku cha kugeuza, kile chenye moto wake wa umeme."

"Kable hiyo iko," akasema Atumani kwa sauti nzito, "lakini ni bongo, ndugu yangu. Deki inasema lugha ingine. Unahitaji kisanduku."

"Na ile yenye dhahabu kwa kichwa? Pale chini sokoni banasema picha inakuwa nzuri."

"Dhahabu avalishe bibi yake," akanong'ona Saliha.

"Dhahabu valisha bibi yako," akasema Atumani, na Byamungu akacheka sana, akampa mkono, akalipia kisanduku. Fedha alimpa Saliha. Shukrani alimpa Atumani.

Miaka kumi na moja ilikwenda hivyo. Mwanzoni walicheka wenyewe, na Saliha akimlipa mzee chai ya asubuhi na wali wa mchana kwa kazi ya mdomo wake. Jirani yao Rosette, Mkongomani auzaye vitenge, ndiye pekee aliyekuwa akichukia waziwazi. "Mama Amira, siku moja huyu muzee ataamini ni yeye," alisema. Saliha alimjibu kwamba njaa haina jina, mradi kebo sahihi imefika kwenye runinga sahihi. Alikosea, na mimi ninayesimulia sitamtetea kwa hilo. Waswahili walisema zamani, mficha uchi hazai. Alificha ujuzi wake mdomoni mwa mwingine, na jina likazaliwa huko huko.

Mwaka huu Amira akachumbiwa na Tajudini, kijana makanika wa Buyenzi, mpole, mwenye kucha zisizotakata hata Ijumaa. Baba hayupo, kwa hiyo walii akawa Moubarak, na nikaha ikapangwa nyumbani kwake. Nikaha kwa watu hawa ni ya wanaume. Shehe, walii, bwana harusi na mashahidi huketi sebuleni juu ya mkeka. Wanawake hukaa uani nyuma ya nyumba, na habari huwafikia kwa kelele za "Amin". Saliha mwenyewe aliolewa hivyo, hajui hata siku ile Yahaya alikaa upande gani wa mkeka. Aliapa moyoni kwamba ya binti yake ataiona. Hakutaka kingine. Hakuzungumzia duka wala kioo wala kengele. Alikwenda kwa Moubarak akaomba kitu kimoja: runinga iwekwe uani, ivutwe waya kutoka kwenye kamera itakayorekodi nikaha sebuleni, wanawake waone.

"Si haramu?" akauliza Moubarak.

"Kamera itaonyesha wanaume, shemeji. Wanaume bako barabarani kila siku, tunabaona."

Moubarak akafikiri, akakubali, kwa sababu lilikuwa jambo jipya na angetajwa nalo. "Lakini kazi ya waya aifanye mutu anajua. Mulete fundi wako, ule Atumani. Nimesikia sifa zake mpaka kwa duka kwangu."

Saliha akasema sawa. Angesema nini? Mwanamke angeingiaje sebuleni siku hiyo, na wazee wamejaa?

Kutoka mkekani, kupitia korido na dirisha la jikoni, hadi uani, ni mita ishirini. Kebo ya kawaida ya shaba haifiki huko. Ikivuka mita kumi, picha huchoka njiani. Saliha akachagua ile nyembamba ya gharama ambayo picha yake husafiri kwa mwanga, na kebo ya aina hiyo ina tabia yake: ina kichwa na mkia. Ncha moja ni ya kamera, ncha nyingine ni ya runinga, imeandikwa kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, na ukiigeuza haipitishi hata kivuli. Aliijaribu nyumbani kwake mara nne. Ikiwa sawa, picha kama maji. Ikigeuzwa, kiza.

Atumani hakuweza kuzisoma zile herufi hata kwa miwani. Ndipo Saliha akanyoosha mkono kwenye kisanduku cha mzee, akachukua uzi mwekundu wa kushonea viatu, akaufunga mafundo matatu kwenye ncha ya runinga.

"Uzi unakwenda wapi, muzee?"

"Kwa banamuke."

"Rudia."

"Uzi kwa banamuke, Mama Amira. Miye si mutoto."

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Kebo ilipelekwa asubuhi ikawekwa ndani ya sahani kubwa sebuleni, na Atumani akafika adhuhuri amevaa kanzu mpya, kofia imepigwa pasi. Wanaume wakampisha. Saliha alikuwa uani amevaa dera la zambarau, katikati ya wanawake arobaini na vyungu vya pilau, mbele yao runinga ya Moubarak imewekwa juu ya meza ya kupigia pasi na kufunikwa kitambaa. Rosette alikuwepo, akikoroga nyama, na macho yake hayakumtoka rafiki yake.

Baada ya sala ya alasiri kitambaa kikaondolewa, runinga ikawashwa. Ikatoka rangi ya bluu, na katikati maneno mawili ya Kifaransa: aucun signal, yaani picha haifiki. Wanawake wakangoja. Maneno yakawa yanatembea kwenye kioo toka pembe hii hadi ile, kama mtu aliyepoteza mlango.

Saliha alijua papo hapo. Aliinuka akachungulia nyuma ya meza. Alitazama ncha iliyochomekwa nyuma ya runinga, akatafuta uzi. Hakuna uzi.

Sasa hapo ndipo Bi Asiya, dada mkubwa wa Moubarak, shangazi wa bibi harusi, alipokohoa. Ni mwanamke wa dini, mwenye sauti, na mwenye kupenda kuwa wa kwanza kuona shari.

"Mi nilijua," akasema. "Asubui niliona ule waya kwa sahani. Umefungwa uzi! Uzi mwekundu, mafundo tatu! Kwa nikaha ya mutoto wetu!"

"Audhubillahi," wakasema wanawake.

"Nikaukata kwa kisu, nikasoma Ayatul Kursiyu, nikauchoma kwa jiko. Kuna mutu alitaka kumufunga huyu binti asizae. Mafundo tatu, watoto tatu! Sasa muone, hata tele imekataa. Uchafu ulishaingia."

Wanawake wakaanza kutazamana. Macho yalikwenda kwa Rosette, kwa kuwa si wa dini yao. Yakaenda kwa mchumba wa zamani wa Tajudini aliyekuja na mama yake. Yakazunguka uani kama ungo wa kupepetea. Saliha alikuwa amefungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari ulimini: ni mimi niliyefunga, ni alama tu, geuzeni kebo. Akaufunga mdomo. Akisema ni yeye, basi mama ndiye aliyemfunga bintiye mafundo matatu, na hata wakimwamini leo, siku Amira atakapochelewa kushika mimba mwezi mmoja, uzi ule ungetolewa kwenye jiko na kufufuliwa. Watu wa Buyenzi husamehe mengi, fundo hawalisahau.

Akamshika Rosette mkono. "Nenda kwa mlango wa salon, pale banaume bameketi. Mwambie Atumani ageuze kable. Sema hivyo tu. Ageuze."

Rosette alikwenda na kijiko mkononi. Akarudi amekunja uso.

"Wamemuuliza mbele yangu. Anasema waya ni sawa, yeye aliangalia. Anasema ni tele yenu imekufa. Na shemeji yako akasema, fundi akisha kusema, banamuke batulie, shehe anaanza."

"Amesema hivyo? Atumani?"

"Kwa mdomo wake."

Mdomo wake! Saliha alikaa chini kwenye mkeka. Miaka kumi na moja aliulisha mdomo ule wali na chai, akautia neno kwa neno, mpaka mji mzima ukauamini. Na leo mdomo ule ule ulimkataa yeye mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Aliona hasira, tena hasira ya kweli. Angeweza kuinuka, akapita korido, akasimama mbele ya wazee wote akavuta waya. Hatua thelathini tu. Lakini Amira alikuwa chumbani amefunikwa shela, na shela lile lilitaka amani.

Basi akasikiliza. Kupitia dirisha la jikoni ilitoka sauti ya shehe, kisha kimya, kisha sauti ndogo ya Tajudini ambayo hakuna aliyeelewa ilisema nini, kisha "Amin" kubwa ya wanaume. Wanawake wakapiga vigelegele. Maneno mawili yaliendelea kutembea kwenye kioo cha bluu. Saliha naye akapiga kigelegele, kwa sababu mama wa bibi harusi asipopiga watu huuliza.

Wanaume walipotoka kwenda kunawa na kula barazani, Saliha aliingia sebuleni na kumwacha Rosette uani, kwenye runinga. Hakuomba ruhusa. Wakachomoa ncha zote mbili, wakaivuta kebo yote kupitia dirishani, wakaigeuza, wakairudisha. Saliha alipochomeka ile ya kamera alisikia uani kelele, "Imekuja! Imekuja!" Picha safi kama maji, mita ishirini. Ilionyesha mkeka mtupu, kikombe cha shehe, viatu vya mtu aliyevisahau, na mwanamke mmoja wa makamo aliyevaa dera la zambarau, amepiga magoti peke yake mahali pa nikaha.

Moubarak alichungulia mlango wa uani, akasikia shangwe. "Ah, fundi ameitengeneza!" Akarudi barazani akampiga Atumani begani mbele ya wageni. Mzee akatazama sahani yake. "Ni kazi ya Mungu," akasema, na watu wakausifu unyenyekevu wake.

Jumatatu Atumani alifika avenyu ya sita amechelewa, bila sindano mkononi. Alisimama.

"Mama Amira, uzi haukukuwa. Naapa. Niliutafuta."

"Najua nani aliukata. Nakuuliza kingine. Rosette alipokuja, kwa nini usigeuze?"

"Shehe pale, bashahidi pale, bote bananitazama. Ningesema nini?"

"Ungesema hujui."

Mzee akavua miwani, akaifuta, kama afanyavyo. Safari hii alikuwa anawaza kweli. "Fundi hawezi kusema hajui. Ni weye ulinifundisha kuwa fundi. Hilo hukunifundisha."

Kilichomuuma Saliha zaidi ni kwamba palikuwa na ukweli ndani ya neno hilo.

Kisha mzee akatoa lililomleta. Moubarak amempa kazi. Dukani, kwa mshahara wa mwezi, akae upande wa kebo awashauri wateja. Macho yamechoka, Mama Amira, alisema, viatu vya Kichina siku hizi havishonwi, vinatupwa. Akachukua kisanduku chake na kiti chake. Uzi mwekundu ulibaki chini, umeanguka, naye hakurudi kuuokota.

Wateja wa Saliha walipungua juma hilo hilo. Huja, hutazama pale kiti kilipokuwa, huuliza fundi amehamia wapi, naye huwaelekeza, kwa kuwa kumdanganya mtu njia hakujui. Amira alimletea nikaha nzima imerekodiwa kwenye flash. Ipo kabatini. Kebo za kuichezea anazo mezani za kila namna. Mkono ndio haujakwenda kuichukua.

Alhamisi, saa nne asubuhi, simu ililia. Kabla ya sauti alisikia kengele ya mlango, ile ile, ya Yahaya. Hakuwa ameisikia kwa miaka kumi na moja.

"Mama Amira," alinong'ona Atumani. "Kuko mutu hapa ananunua projekta. Anauliza kable ya mita kumi na tano, ya shaba ama ile ingine?"

Jibu lilikuwa ulimini mwake, tayari, kama kawaida. Akalishika.

"Muzee, weka simu kwa oparla, mutu anisikie. Nitamwambia miye mwenyewe. Umwambie ni Saliha, bibi ya Yahaya, mwenye kuchagua kable."

Akasikia pumzi ya mzee, akasikia mteja akigonga kidole kwenye kioo, akasikia mbali Moubarak akicheka na mtu.

"Allo?" akasema Atumani, sasa kwa sauti nzito ya fundi. "Allo? Ah, rezo ni mubaya. Sikusikii. Allo?"

Saliha alikuwa anamsikia vizuri kabisa. Alimsikia akimgeukia mteja, akatulia kidogo, kisha akasema, "Ya shaba inatosha, ndugu yangu. Na uchukue hii yenye dhahabu."